Zebaki haitoki kwa ndimu: jinsi ya kuchagua samaki kama nyumbani kuna mjamzito

Mi nakagua samaki mnadani, na akina mama wananiuliza sana eti samaki nimwoshe vipi zebaki, ile metali yenye sumu, itoke. Haitoki jamani. Imeshikana na protini ya mnofu wenyewe, we loweka ndimu, kaanga, chemsha umwage maji, ipo palepale, afu ukimkausha ndo inazidi maana maji yanaondoka yenyewe inabaki, kwa hiyo kipande cha ng'onda wa papa kina zebaki kuliko kipande kibichi cha uzito uleule. Kazi kubwa unaimaliza sokoni.

Hatua ya 1. Jiulize huyu samaki anakula nini. Tasi anakula majani ya baharini, vibua na dagaa wanakula vidudu vidogo vinavyoelea majini, hao zebaki yao ni kidogo. Papa, nduaro na jodari mkubwa wanakula samaki waliokula samaki wenzao, na wanaishi miaka mingi, kila mlo unaongeza na kutoka inatoka polepole mno. Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, mwaka 2018 waliweka ukomo wa zebaki ya methili, ndo aina ya zebaki inayojikusanya kwenye samaki, papa miligramu 1.6 kwa kilo, jodari 1.2.

Hatua ya 2. Saizi. Nguru wa kilo 2 na wa kilo 15 jina ni moja ila yule mkubwa ameikusanya miaka mingi zaidi, chukua mdogo.

Hatua ya 3, hapa sasa ndo jikoni. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, yenyewe inapenda ini na figo, kwa hiyo toa matumbo yote. Pweza geuza kichwa utoe vyote vya ndani, na kaa ile rojo ya kahawia ndani ya gamba iache, najua wengi mnaipenda lakini mjamzito usimpe.

Hatua ya 4. Msimkatishe samaki mjamzito, nawaomba sana, mtoto anahitaji yale mafuta kwa ajili ya ubongo. Mpe wale wadogo mara 2 au 3 kwa wiki, kama gramu 110 kila mlo, papa na nduaro aache kabisa. Na anayepanga kubeba mimba aanze miezi kadhaa kabla, kwa sababu nusu tu ya zebaki iliyomo mwilini inachukua kama siku 50 au zaidi kutoka. Mama mkwe akileta papa pokea kwa heshima, wanaume ndo wamle, mjamzito mchemshie vibua.