Somo: kusoma utomvu wa msaipresi ulioingiwa na ukungu

Wiki hii nimeitwa Kisasa na Nzuguni, hapa Dodoma, kwa swali moja: "Fundi, mkrismasi wangu unatoa machozi, ndiyo unakufa?" Mkrismasi ndio huo msaipresi, na yale machozi, yaani utomvu, ni silaha ya mti wenyewe. Ukiyasoma utajua vita vimefika wapi.

Hatua ya 1. Futa kisu kwa spiriti, la sivyo utaubeba ukungu mwenyewe hadi mti wa pili.

Hatua ya 2. Gusa utomvu, kisha nusa. Ukinata na kunuka kama tapentaini ya mafundi rangi, ni mpya. Harufu hiyo ni ya terpini nyepesi (kemikali za utomvu zinazoruka hewani), kama pineni, ambazo zikiwa nyingi huzuia ukungu kukua. Jua letu huzirusha hewani upesi. Zinabaki asidi nzito zinazoganda na kuziba jeraha. Utomvu mgumu, uliopauka, ni wa siku nyingi.

Hatua ya 3. Kwangua gome pembeni mwa donda, upana wa ukucha tu. Palipo hai pana ubichi. Ukikuta ukanda wa kahawia, hapo ndipo kwenye mapambano: mti umezijaza seli zake fenoli, kemikali za kujikinga, na kukaza kuta za seli hizo kwa lignini, ile inayofanya mbao ziwe ngumu. Hauponyi sehemu iliyooza, unaizungushia boma. Tena kuta za ukungu zina kitini, kitu kigumu kile kile cha gamba la panzi. Mti hutoa vimeng'enya vya kuikata, na vile vipande vinazidi kuushtua mti.

Hatua ya 4. Chora mpaka wa donda kwa rangi, rudi baada ya wiki mbili. Likivuka mstari na ni la tawi, kata tawi chini yake, kwenye gome zima, uchome moto.

Maswali

Mdau, Ipagala: Niukwangue utomvu nipake dawa?
– Uache. Hicho ni kizibo.

Mdau, Ihumwa: Wangu umekauka kileleni bila kutoa hata tone.
– Ilikuwa Oktoba, siyo? Mti wenye kiu hauna nguvu ya kusukuma utomvu, na kuna ukungu unaovizia wakati huo huo. Mimi nilipoteza mitatu hivyo, nikabaki kulaumu mbolea. Mwagilia kiangazi, maji yazame.

Mdau, Iyumbu: Mbona misindano (misonobari) huvuja zaidi?
– Msindano una mifereji ya utomvu ndani ya mbao tangu mwanzo. Msaipresi hauna, ukijeruhiwa ndipo unaitengeneza kwenye gome. Kwa hiyo ukiuona unavuja na hujaukata, kachukue kisu uanze hatua ya 1.