Kubadilisha kebo ya usukani kwenye boti kongwe ya mashine ya kupachika

Assalaam alaykum ndugu zangu wa bahari.

Mwaka juzi nilikuwa narudi Wesha kutoka Misali na abiria sita. Usukani ukalegea ghafla mikononi. Nikazungusha kulia, ukazunguka, kushoto, ukazunguka, mashine kule nyuma imetulia tu. Kebo ilikuwa imekatika ndani ya ganda lake. Baharia wangu akakaa tezi, yaani nyuma ya boti, akafunga kamba mbili kwenye mashine, moja kila upande, akawa anaivuta huku nami nikiendesha kwa mwendo wa pole sana. Tulifika kwa sababu bahari ilikuwa shwari. Kusi ingekuwa imeshaanza kuvuma, hali ingekuwa nyengine kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba kebo ile ilinipa taarifa wiki nzima kabla. Kila asubuhi usukani ulikuwa mzito, nikiuzungusha kwa nguvu unakubali, nami nasema chumvi hii, italegea yenyewe. Hailegei. Usukani ukiwa mzito, boti haitoki pwani mpaka ijulikane sababu.

Na sababu, mara nyingi mno, haimo kwenye kebo. Imo kwenye bomba la mashine. Kebo hii ni ya kusukuma na kuvuta: nyuma ya usukani kuna kichwa chenye meno, kinasukuma uzi wa chuma ulio ndani ya ganda la plastiki, na mwisho wa uzi kuna fimbo ya chuma inayoteleza ndani ya bomba lile ambalo mashine huliegemea unapoinyanyua. Fimbo inatokeza upande wa pili, inashikana na kiungo, na kiungo ndicho kinachogeuza mashine. Maji ya chumvi yakiingia bombani, grisi ya zamani ikakauka ikawa kama udongo, fimbo hugoma. Wewe unazidisha nguvu, na nguvu yote inaishia kwenye uzi mwembamba. Ukifunga kebo mpya kwenye bomba chafu, umeinunulia kaburi.

Kupima

Usitupe kebo ya zamani kabla hujapata mpya, na ukienda dukani, iwe Chake, Darajani au Kariakoo, ichukue mkononi. Kwanza tazama ganda: nyingi zina namba iliyopigwa chapa. Kwa mfano kebo ya Teleflex iliyoandikwa SSC6213, tarakimu mbili za mwisho ndizo urefu wake, yaani futi 13. Namba ikiwa imefutika, pima ganda la plastiki peke yake, mwanzo hadi mwisho, bila kuhesabu chuma. Kwa usukani wa kichwa cha duara ongeza inchi 18. Kwa ule wa meno yaliyonyooka, ambao kebo yake huja pamoja na reli yake, ongeza inchi 30. Kisha panda hadi futi kamili inayofuata. Tepu ikikupa sentimita 335, hizo ni inchi 132. Ongeza 18 upate 150, ambazo ni futi 12 na nusu. Unanunua ya futi 13.

Nunua pia nati mpya za kujifunga, zile zenye duara la plastiki ndani. Ya zamani ikishafunguliwa, plastiki yake haishiki tena sawasawa, na nati ya usukani si mahali pa kubana matumizi.

Kutoa ya zamani

Piga boti pwani maji yakipwa au iwekwe kwenye magogo, zima mashine, toa waya wa betri. Anza nyuma. Fungua kiungo kutoka kwenye ncha ya fimbo, halafu fungua nati kubwa inayobana kebo kwenye mdomo wa bomba. Sasa fimbo inatakiwa itoke kwa kuvutwa. Angalia kabla kama pana nafasi pembeni ya kuivuta yote ikiwa imenyooka. Kwenye boti nyingine ubao wa tezi unaizuia, na itabidi mashine ilegezwe na kusogezwa kidogo.

Mbele, nyuma ya usukani, toa pini au bolti inayoshika kebo kwenye kichwa, kisha zungusha usukani: kichwa chenyewe kitautema uzi nje. Kabla hujaivuta kebo chini ya sakafu, funga kamba imara kwenye ncha yake. Kebo ikitoka, kamba inabaki njiani, na ndiyo itakayovuta mpya. Niliwahi kusahau kamba hii, nikapoteza nusu siku nikipitisha mkono chini ya fiba.

Bomba

Hapa ndipo pa kukaa. Mimi hutumia ufito wa mkandaa uliozungushiwa kitambaa chenye mafuta ya taa, baadaye brashi ya waya wa shaba ya kuingia bombani, baadaye tena kitambaa kikavu. Cha kwanza kutoka ni kitu cheusi kizito, cha pili ni rangi ya chai yenye chembechembe za kutu. Endelea mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Mulika tochi upande mmoja, tazama upande wa pili: uone chuma kinang'aa mzunguko mzima, bila mabaka. Mara ya mwisho kazi hii ilinichukua saa mbili, kufunga kebo yenyewe hakukufika saa moja.

Kufunga mpya

Paka fimbo mpya grisi ya baharini, siyo ya magari ambayo maji huiosha upesi. Vuta kebo kwa ile kamba, taratibu, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma. Isiwe na kona kali popote. Mzingo wake uwe mpana, nusu kipenyo kisipungue inchi 8. Ingiza fimbo bombani, fuatisha nati kubwa kwa vidole kwanza ili usiharibu uzi wa skrubu, ndipo uikaze kwa spana. Mbele, ingiza ncha kwenye kichwa na uzungushe usukani mpaka meno yaushike uzi. Rudisha pini yake.

Kiungo kifungwe kwa nati mpya. Kinatakiwa kicheze kwa uhuru bila kulegalega, na namna ya kukikaza hutofautiana kati ya mashine na mashine, kwa hiyo fuata kitabu cha yako. Mwisho zungusha usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, mtu mwingine akitazama nyuma. Fanya hivyo mashine ikiwa chini, na tena ikiwa imenyanyuliwa, uone kama kebo haivutwi wala haibanwi.

Maswali ya wanachama

Kutoka Mkokotoni: Fundi, fimbo yangu imeganda kabisa bombani, haitoki hata kwa nyundo. Nichome kwa moto?

Kaka, moto wa wazi hapana, mipira ya mafuta ya petroli ipo karibu. Jaza mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili za bomba, acha usiku kucha, rudia asubuhi. Kisha gonga ncha ya fimbo kwa kipande cha chuma chembamba kuliko bomba, mapigo mengi madogo. Ukipiga kwa hasira ncha inapanuka kama uyoga, na hapo haipiti tena. Ukipata hewa ya moto ya umeme, nayo husaidia, baada ya petroli kuondolewa botini.

Kutoka Wete: Nikipiga grisi kila wiki kwenye chuchu ya bomba, si inatosha?

Inasaidia sana, lakini tazama fimbo iko wapi. Geuza usukani mpaka fimbo iingie yote ndani ya bomba, ndipo upige. Ukipiga ikiwa imetoka nje, grisi inajaa nafasi ya fimbo na kuifungia, na usukani unaweza kukwama ukiwa baharini. Kila mara futa kwanza ile sehemu ya fimbo inayotokeza.

Kutoka Nungwi: Dukani hakuna futi 13, zipo 12 na 14.

Chukua 14, mwanangu. Futi iliyozidi utaitawanya kwenye mzingo mpana njiani. Ya 12 itavutwa kila ukinyanyua mashine.

Kutoka Mkoani: Ami, kebo yangu ni mpya na nyepesi, lakini boti inavuta kulia muda wote nikienda kasi.

Hiyo siyo kebo. Juu ya propela, chini ya lile bapa la mashine lililolala juu yake, kuna kipezi kidogo. Legeza bolti yake, sogeza ncha yake ya nyuma upande wa kulia kidogo sana, ukajaribu tena. Ikivuta kushoto, fanya kinyume. Na kwenye mashine nyingi kipezi hicho ndicho kinacholiwa na chumvi badala ya mashine, basi usikipake rangi.

Kutoka Kizimkazi: Ganda la kebo limepasuka kidogo, usukani bado mwepesi. Naweza kuzungushia utepe nikamalizia msimu?

Hapana, kaka. Penye ufa maji yameshaingia, na uzi wa ndani unaota kutu mahali ambapo wewe huoni. Agiza mpya sasa, na mpaka ifike usichukue abiria.