Kutibu meno India kwa pesa za kubana: hatua ninazowapitisha watu wangu Mombasa

Miaka kumi na moja nilisimama kando ya kiti cha daktari wa meno hapa Mombasa nikishika sinia ya vyombo. Sasa kazi yangu ni kuwapangia watu safari za matibabu, wengi wao India, na kwa sababu ya zile siku za sinia, wenye shida ya meno huletwa kwangu. Karibu kila mmoja huingia na swali moja: "Jino kule ni pesa ngapi?" Bei ya jino nitampa, lakini si hiyo inayomaliza watu pesa. Kinachowamaliza ni safari ya pili ambayo hawakuihesabu, na pesa waliyoilipa mapema ikawa haidaiki tena.

Hatua ya 1: Jua mdomoni mna nini

Piga picha ya OPG hapa hapa Mombasa. Ni ile eksirei unayosimama huku mashine ikikuzunguka kichwa, inayoonyesha taya zote mbili kwa pamoja. Omba faili yenyewe, itumwe kwa barua pepe. Watu hushika ile filamu dirishani, wakaipiga picha kwa simu na kuituma WhatsApp, kisha wanashangaa daktari wa Chennai amewapa bei ya kubahatisha.

Mwombe daktari wako akuandikie orodha kwa namba za meno. Madaktari wa meno hutumia namba za tarakimu mbili: 46, kwa mfano, ni gego la kwanza la chini upande wa kulia. Ukiandika "jino la nyuma linaniuma" utapata jibu la jumla. Ukiandika "46 halipo, 36 limeoza hadi kwenye mzizi" utajibiwa jino kwa jino, na bei jino kwa jino.

Kama unataka implanti, yaani skrubu ya titani inayopandwa kwenye mfupa wa taya kisha jino likajengwa juu yake, OPG haitoshi. Itahitajika picha ya CT ya taya, kwa sababu OPG haionyeshi unene wa mfupa. Gego lililong'olewa miaka kumi iliyopita limeacha mfupa uliosinyaa, na mfupa uliosinyaa huongeza gharama.

Na sema kweli kuhusu sukari, sigara na tambuu. Mwenye kisukari apime kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kabla hajakata tiketi. Sukari isiyodhibitiwa na sigara hupunguza nafasi ya implanti kushika, na hapo utakuwa umelipia skrubu ya kung'oka.

Hatua ya 2: Usibebe India kazi ya hapa

Kung'oa, kusafisha, kuziba, hata kutibu mzizi, fanya hapa. Coast General pale Makadara wana kitengo cha meno. Kama kazi ni ngumu kidogo na pesa ni chache, kuna chuo cha meno cha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu wakisimamiwa na walimu wao. Treni ya SGR kutoka Miritini daraja la pili ni shilingi 1,500. Nina watu watatu waliokuja kwangu kwa ajili ya India nikawapandisha treni ya Nairobi, na sikupata kamisheni yoyote, basi.

Pengo la jino lililong'olewa huhitaji miezi kupona na kujaa mfupa. Ngojea hiyo miezi ukiwa kwako, unakula chakula chako, si ukiwa gesti unalipa kwa siku.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kusafiria: implanti kadhaa, madaraja marefu (meno ya bandia yaliyoungana, yanayoshikiliwa na meno ya kando ya pengo), au kofia za meno (ganda la bandia linalovishwa jino lililochongwa) nyingi kwa mpigo.

Hatua ya 3: Hesabu safari mbili

Implanti kwa kawaida huchukua safari mbili. Ya kwanza unapandwa skrubu. Kisha mfupa unaachwa uishike, mara nyingi miezi mitatu hadi sita, ndipo unarudi kuwekewa jino. Kuna wanaotangaza "meno kwa siku moja". Kwa wengine inawezekana, lakini hilo huamuliwa na mfupa wako, na tangazo halijauona.

Chukua karatasi. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme implanti moja hapa umeambiwa 180,000 na kule 70,000, tofauti ni 110,000. Tiketi 75,000, malazi siku nane kwa 3,500 ni 28,000, viza, teksi, chakula na dharura 20,000. Safari moja ni 123,000, mbili ni 246,000. Kwa jino moja umepata hasara kubwa. Mawili bado hasara. Kwa matatu unaanza kuona faida. Kwa manne unabakiwa na 194,000 mkononi. Sasa ongeza msindikizaji: tiketi zake mbili peke yake ni 150,000. Ile faida imebaki 44,000, na bado hajala.

Kwa hivyo nikiona mtu ana jino moja au mawili humwambia akae. Kofia za meno ni hesabu nyingine, kwa sababu zinaweza kuisha kwa safari moja ya wiki moja au siku kumi: meno yanachongwa, vipimo vinakwenda maabara, unavaa za muda, kisha za kudumu zinagandishwa.

Hatua ya 4: Bei iandikwe, pamoja na "ikiwa"

Omba makadirio kutoka kliniki tatu, kila moja kwenye karatasi yenye nembo yake. Yataje: jina la kampuni ya implanti, kofia ni ya zirkonia (kauri ngumu nyeupe) au ya chuma kilichofunikwa kauri, ile kofia ya juu imo kwenye bei au la, picha za huko, dawa, na kodi. Halafu uliza swali ambalo wengi hawaliulizi: ikiwa mfupa hautoshi, kupandikiza mfupa ni pesa ngapi, na safari yangu itarefuka vipi?

Hili nililijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilikuwa na mteja, ami mmoja wa Kibokoni, ana akiba yake ya miaka mingi ya duka. Wakala wa kule alitupa "pakiti" ya implanti nne, ukilipa yote mapema unapunguziwa. Mimi ndiye niliyemwambia alipe. Siku ya pili akapigwa CT, akaambiwa mfupa wa juu ni mwembamba, lazima upandikizwe kwanza, pesa zaidi, na skrubu zingoje miezi. Kurudishiwa pesa hakuna, pakiti ni pakiti. Alinipigia simu kutoka chumbani kwake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, sasa mimi nifanye nini?" Nilitamani anigombeze.

Alikwenda mara tatu badala ya mbili. Tangu hapo sipitishi mtu kwenye pakiti ya kulipwa yote mbele, hata wapunguze nusu.

Kwa daktari mwenyewe, tazama shahada: BDS ni ya daktari wa meno wa kawaida, MDS ni ya bingwa. Kila daktari wa meno India husajiliwa na baraza la jimbo lake, na namba ya usajili si siri. Iombe. Hospitali yenye ithibati ya NABH (ya India) au JCI (ya kimataifa) imekaguliwa na watu wa nje.

Hatua ya 5: Viza na chanjo

Viza ya matibabu ya mtandaoni huombwa kwenye tovuti ya serikali ya India, ile inayoishia na gov.in. Zinazofanana nayo ziko nyingi na hutoza zaidi. Utahitaji barua ya kliniki. Viza hiyo hudumu siku 60 na huruhusu kuingia mara tatu. Umeona tatizo? Ukirudi baada ya miezi minne imeshakufa, unalipa nyingine. Iandike mara mbili kwenye ile karatasi yako. Mwenye karatasi zinazomchanganya anaweza kuuliza ubalozi mdogo wa India hapa hapa Mombasa.

Kadi ya manjano ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, na chanjo huhesabiwa kuanza kazi baada ya siku 10. Mtu aliyechanjwa juzi anaweza kuwekwa karantini akifika. Uliyechanjwa zamani usilipe tena, tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Hatua ya 6: Pesa zenyewe

Gawanya pesa vipande vinne. Cha kwanza ni amana ndogo ya kushika nafasi, mimi sipiti asilimia kumi. Cha pili hulipwa baada ya CT na daktari kusema kwa mdomo wake na kwa maandishi kwamba mpango ni ule ule. Cha tatu siku ya skrubu kupandwa. Cha nne kinangoja meno yakae mdomoni. Kliniki ikikataa mpango huo, nakwenda kwa ya pili kwenye orodha.

Amana itumwe kutoka benki yako kwenda akaunti yenye jina la kliniki, si la mtu. Kwenye fomu ya SWIFT, ile ya benki ya kutuma pesa ng'ambo, kuna kisanduku cha kuamua nani analipa makato: OUR, SHA au BEN. Hiyo SHA si ile ya bima ya afya, jamani, ina maana ya kugawana makato. (Na ile ya bima nayo usiitegemee hapa: matibabu yake ya ng'ambo ni kwa yale yasiyopatikana Kenya, na meno yanapatikana.) Chagua OUR. Ukichagua nyingine, benki za katikati zinakata njiani, pesa zinafika pungufu, na utadaiwa dola ishirini na tano mapokezini huku mdomo umekufa ganzi.

Pesa kubwa inayobaki ilipe kwa kadi ukiwa pale pale. Iambie benki yako mapema kwamba unasafiri, na upandishiwe kiwango cha matumizi ya siku. Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi za Kenya au kwa rupia, chagua rupia. Shilingi inaonekana kama hisani, lakini kiwango cha kubadilisha anakiweka mwenye mashine. Soma kioo mwenyewe, maana karani wengine hukubonyezea.

Taslimu beba dola za chakula na teksi za wiki moja, noti safi zisizo na maandishi. Rupia usibebe. Noti za kigeni zikizidi dola 5,000 zitangaze forodhani India, na kutoka Kenya tangaza kuanzia dola 10,000, ingawa ukifikia huko si msomaji wangu wa bajeti.

Mkopo wa sacco kwa ajili ya meno sina ugomvi nao, mradi uukope kwa karatasi yote, safari ya pili ikiwemo. Nimeona waliokopa ya kwanza tu, wakakaa mwaka mzima na skrubu bila meno. Chama ni kizuri zaidi: pokea zamu yako ya kwanza upandwe skrubu, na mzunguko wa pili ukulipie kurudi.

Hatua ya 7: Ukiwa kule

Treni hadi Syokimau, teksi fupi hadi uwanja wa ndege, kisha ndege ya moja kwa moja Nairobi hadi Mumbai. Hiyo mara nyingi hunitokea nafuu.

Kabla ya kulipia gesti, uliza: mnapokea wageni wa nje? Mwenye gesti India lazima ajaze fomu ya kila mgeni wa nje ndani ya saa 24, na wengi wa bei ya chini hawataki kero hiyo. Utafika saa nane za usiku na kuambiwa chumba hakipo. Mumbai ni ghali. Ukikaa maeneo ya Mohammed Ali Road, chakula cha halali kiko kila kona.

Kama umeguswa mfupa wa juu nyuma, karibu na uwazi ulio kando ya pua, muulize daktari upande ndege baada ya siku ngapi, na usipenge kamasi kwa nguvu.

Hatua ya 8: Kabla ya kipande cha nne

Usikubali kugandishiwa meno asubuhi na kupanda ndege jioni. Acha siku mbili. Daktari atakuwekea karatasi nyembamba ya rangi katikati ya meno na kukwambia uume. Doa jeusi moja kubwa kwenye jino jipya maana yake linagusa kabla ya mengine. Lisagwe, uume tena, mpaka madoa yalingane. Kisha nenda ukale. Agiza wali na kitu cha kutafuna, utafune pande zote mbili. Mama mmoja wa Majengo alinyamaza kwa sababu ganzi ilikuwa haijatoka na aliona haya kumsumbua daktari. Alirudi Mombasa, wiki ya tatu akauma kokwa ya mabuyu, akaniletea kofia yake ikiwa imefungwa kwenye tishu, imepasuka katikati kama njugu. Kliniki ilimpa nyingine bure, kweli. Tiketi akajinunulia.

Siku ya kulipa cha nne, pokea kwanza: OPG ya baada ya kazi, kadi ya implanti yenye kile kibandiko cha kampuni, kipenyo, urefu na namba ya toleo, risiti zote, na dhamana iliyoandikwa inasimamia nini. Bila kibandiko hicho, daktari wa Mombasa hatajua skrubu yako inafunguliwa kwa bisibisi gani, na akikataa kuigusa simlaumu.

Miadi na daktari wa hapa iwe imeshawekwa kabla hujaondoka Kenya, ya wiki ya pili baada ya kurudi. Mpeleke zile karatasi. Ukiacha lile jaribio la kutafuna, kabla ya hapo ni uji, shurba na mbaazi laini.