Jinsi ya kuagiza vifaa vya mazingaombwe hadi Lubumbashi bila kupokea vipande

Kijana mmoja wa Katuba, anayefanya mazingaombwe kwenye sikukuu za watoto, aliletewa vikombe vya shaba vikiwa vimebonyea. Nilimsaidia kudai haki yake. Njia tuliyopita ni hii.

1. Chagua duka. Nunua kwa duka la wanamazingaombwe wenyewe, hata bei ikiwa juu. Wao wanajua karata yenye kona iliyopinda haifai tena, maana watazamaji wataitambua. Karatasi ya moto, ile inayowaka mara moja kwenye mchezo, usiichanganye humo. Ni nitroselulosi, inahesabiwa mzigo wa hatari, na inaweza kukwamisha koli (kifurushi) nzima.

2. Andika kabla ya kulipa. Mwambie muuzaji: kila kikombe kifungwe peke yake na kijazwe karatasi ndani, visipachikwe kimoja ndani ya kingine. Katoni iwekwe ndani ya katoni nyingine, na nafasi ya sentimita 5 kila upande ijazwe vizuri. Asiyejibu, mwache.

3. Pokea na ufungue. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, kwa hiyo usiharakishwe na mtu.

Usitie sahihi kwanza. Mwombe rafiki ashike simu, arekodi pande zote sita za katoni, anwani, kisha skochi (utepe wa gundi), ndipo ukate. Video isikatwe katikati, la sivyo muuzaji atasema umevunja mwenyewe.

Skochi itazame kwa makini. Ukiona aina mbili, moja juu ya nyingine, huenda koli ilifunguliwa njiani. Mzigo wa meli unalipiwa kwa ukubwa, na wakala fulani wa usafirishaji hutoa katoni ya nje ili kupunguza nafasi. Kama unapitishia Dubai au Guangzhou, mwandikie wakala mapema kwamba katoni isiguswe. Kumbuka pia kwamba duane (forodha) wana haki ya kufungua pale Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwa hiyo skochi mbili peke yake hazithibitishi kosa la mtu. Zinakuonyesha tu pa kuanzia kuuliza.

Sasa jaribu kila kitu papo hapo. Pachika vikombe: kikikwama kimoja, kizungushe mbele ya mwanga wa dirisha, utaona ukingo ulipokosa kuwa duara. Karata ziweke mezani, uinamishe jicho usawa wa meza; zikijipinda katikati, ziliguswa na unyevu au zilibanwa. Sanduku la mbao libonyeze pembe taratibu, gundi ndiyo hutangulia kuachia. Ukipata kasoro, iandike kwa Kifaransa kwenye bodero (hati ya kupokelea mzigo) ya waliokuletea, ukitaja kona na kifaa, kisha utie sahihi na uipige picha.

Siri ya kifaa isionekane kwa wapita njia. Muuzaji anaijua tayari, kwa hiyo picha za ndani mtumie yeye tu, usiweke kwenye status ya WhatsApp. Kwangu mimi hilo halina mjadala.

4. Dai. Omba kipande kilichoharibika pekee, maana kurudisha koli nzima kwa duka la mbali, kama la Marekani, kunaweza kuzidi bei ya vifaa. Kama ulilipa kwa PayPal, una siku 180 tangu kulipa za kufungua malalamiko. Baada ya kuyafungua, msipoelewana, yapandishe kuwa dai rasmi ndani ya siku 20, vinginevyo yanafungwa yenyewe.

Vikombe usivipeleke kwa fundi kunyooshwa kabla hujapata jibu.