Jinsi ya kufuatilia milipuko ya SS Cygni kwa darubini ndogo

Anayeanza kufuatilia nova kibete (nyota mbili zinazozungukana, ambazo mng'ao wake huongezeka ghafla mara kwa mara) namshauri SS Cygni, katika kundinyota la Dajaja. Louisa Wells aliigundua mwaka 1896 kwenye picha za Harvard. Ni nyota mbili zinazozungukana kwa saa sita na nusu hivi: kibete cheupe, yaani kiini kidogo kizito cha nyota iliyokwisha kufa, na mwenzake anayenyonywa gesi. Gesi hujikusanya kwanza kwenye diski inayokizunguka kibete. Diski ikijaa na kupata joto la kutosha, hidrojeni hupoteza elektroni zake, na gesi huanza kushuka kwa wingi kuelekea kibete. Diski ndiyo inayong'aa. Kibete chenyewe hakilipuki, kwa hiyo mng'ao huu, tunaouita mlipuko, hurudi, kwa wastani kila baada ya wiki saba hivi.

1. Ramani. Ichukue bure kwenye tovuti ya AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mng'ao. Namba 96 kando ya nyota ni mag 9.6 (mag ni kipimo cha mng'ao wa nyota), nukta imeachwa isije ikadhaniwa ni nyota. Namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi.

2. Kuitafuta. Katikati ya Oktoba, kwenye saa mbili usiku, kwa sisi wa Afrika Mashariki huwa imepanda kabisa upande wa kaskazini. Darubini ya sentimita 15 inatosha mahali penye giza.

3. Kulinganisha. Hapa usiharakishe. Tafuta nyota moja inayoizidi SS Cygni kidogo na nyingine inayozidiwa nayo kidogo. Hamisha jicho kutoka moja hadi nyingine, bila kuikodolea yoyote, hasa iliyo nyekundu, kwani ukiikazia macho itazidi kung'aa. Ikiwa SS Cygni iko katikati ya 9.6 na 10.2, andika 9.9. Usichungulie kwanza makadirio ya wengine. Ikiwa imetulia kwenye mag 12, andika hivyohivyo: usiku wa utulivu ndio unaoonyesha mlipuko ulianza lini, maana hupanda hadi mag 8, yaani mara 40 hivi, kwa siku moja au mbili tu.

4. Saa. Saa 2:30 usiku kwetu ni 17:30 UT, yaani saa ya kimataifa wanayotumia wanaastronomia.

5. Kutuma. Usipoiona, andika alama ya < na namba ya nyota hafifu kuliko zote ulizoziona. Ikiwa imeanza kupanda, tuma kwa AAVSO usiku huohuo. Wanaastronomia wamewahi kuelekeza setilaiti za eksirei kwenye SS Cygni kwa kutegemea taarifa za watazamaji kama sisi.