Somo: Emuleta ya KOReader inapokataa kuwaka kwenye Linux

Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa, na atakayeuliza tena nitamrejesha hapa hapa. KOReader ni programu huria ya kusomea vitabu kwenye Kindle, Kobo na PocketBook. Emuleta yake, yaani programu inayoiga kisomaji kwenye kompyuta, hukuwezesha kujaribu programu-jalizi uliyoiandika kwa lugha ya Lua kabla ya kuihamishia kwenye kisomaji.

1. Sakinisha vifurushi vilivyotajwa katika maelekezo ya mradi.

2. Chukua msimbo kwa `git clone`, kisha `./kodev fetch-thirdparty`. Usipakue zip. Mimi niliipakua kutoka GitHub ili niokoe bando, nikashinda siku mbili nikiilaumu kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu tendaji), kumbe folda ya `base` ilikuwa tupu, kwa sababu zip ile haibebi moduli ndogo za git (hazina nyingine za msimbo zilizounganishwa ndani ya mradi), na `base` ni mojawapo. Andika `ls base`; usipoona kitu, futa yote uanze upya. Aidha, kila baada ya `git pull` irudie amri ile ya pili, la sivyo `base` itabaki ya zamani nawe utaletewa makosa yasiyo na kichwa wala miguu.

3. `./kodev build`, ili kuijenga programu. Hupakua maktaba nyingine, hivyo usianze bando likiwa ukingoni.

4. `./kodev run`, ili kuiwasha emuleta.

Maswali

Jembe_Butu: Mkuu, imegoma. Nifanyeje?

Jibu: "Imegoma" si ujumbe wa kosa. Bandika mistari ya mwisho ya teminali.

Jembe_Butu: Nilitumia zip, ila sidhani kama ndiyo tatizo.

Jibu: Ndiyo. Hatua ya 2.

Binti_Pwani: Samahani kaka, kwa nini kidirisha changu kinaenea vizuri kwenye emuleta lakini kwenye Kobo Clara HD maandishi yanakatika?

Jibu: Umeuliza vyema, dada. Skrini hiyo ina pikseli 1072 kwa 1448, 300 kwa inchi. Endesha hivi:

`EMULATE_READER_W=1072 EMULATE_READER_H=1448 EMULATE_READER_DPI=300 ./kodev run`

Dirisha likizidi kioo cha kompyuta yako, gawa namba zote tatu kwa mbili. Kisha tazama msimbo wako: bila shaka umeandika upana kwa pikseli kavu, badala ya kuupitisha kwenye `Screen:scaleBySize()`, inayorekebisha kipimo kulingana na skrini.

Binti_Pwani: Kweli, niliandika 400! Na ule mmweko wa skrini ya wino, unaweza kuigwa?

Jibu: Ongeza `EMULATE_READER_FLASH=100`, na kila eneo linalochorwa upya litamweka. Ndivyo nilivyogundua kwamba kisaa changu kidogo cha pembeni kilikuwa kikichora ukurasa mzima kila dakika.