Kusoma alama katika mchoro wa meli na bandari: anza na kazi ya chombo

Somo la kwanza la michoro ya bandari huwa nalifundishia kwenye gati la Port Bell, si darasani Kampala, kwa sababu mwanafunzi asiyejua kamba ya chombo hufungwa wapi na kwa nini hawezi kugundua mahali ambapo mchoraji ameacha ukweli kwa makusudi. Hapa nitatumia The Fighting Temeraire, mchoro wa J. M. W. Turner wa mwaka 1839 uliopo National Gallery, London.

Hatua ya kwanza: orodhesha vitu bila kuvifasiri. Andika kwamba kuna meli ya kivita iliyopauka, yenye milingoti mirefu na matanga yaliyokunjwa. Mbele yake boti nyeusi ya mvuke inaivuta, bomba lake likitoa moshi na moto. Jua linazama upande wa kulia. Mwezi mwembamba uko juu kushoto. Na chini kulia kuna boya jeusi. Neno “huashiria” ni marufuku katika hatua hii.

Hatua ya pili: eleza kazi ya kila kitu. Meli hii ya mizinga 98, iliyopigana katika vita vya majini vya Trafalgar mwaka 1805, ilikuwa ikivutwa kwenda Rotherhithe, London, mwaka 1838 ili ivunjwe na mbao zake ziuzwe.

Hatua ya tatu ndiyo inayostahili muda wako mwingi: linganisha mchoro na tukio lenyewe. Milingoti ilikuwa imekwisha kung'olewa kabla ya safari hiyo, lakini Turner ameirudisha yote. Boti zilizovuta zilikuwa mbili, naye amechora moja. Meli ilielekea magharibi, kwa hiyo jua la machweo lilipaswa kuwa mbele yake, ilhali katika mchoro liko nyuma. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye kila mwaka husimama na wazee kuutafuta mwezi mwandamo, alishangaa kuuona mwezi mwembamba mbali kiasi hicho na jua, maana mwezi mwembamba huonekana karibu na jua. Mimi nilikuwa nimefundisha mchoro huo kwa miaka bila kuliona jambo hilo.

Hatua ya nne: fasiri tofauti hizo kwanza, ndipo uyageukie mengine. Milingoti iliyorudishwa inaipa meli heshima yake kabla ya kuvunjwa, na boti moja badala ya mbili inalifanya tukio kuwa pambano la ana kwa ana kati ya enzi ya upepo na enzi ya mvuke. Usikimbilie kusema kwamba weupe ni usafi, au ni mzimu, kwa kuwa ndivyo ulivyozoea nyumbani. Hapa rangi iliyopauka hupata maana kwa kuwekwa kando ya weusi wa ile boti. Mwezi mchanga unaweza kusomwa kama mwanzo unaokabiliana na machweo, ingawa mimi ningeiandika tafsiri hiyo kwa penseli. Boya nalo ni boya tu mpaka upate sababu ya kusema vingine.

Kwa zoezi, chukua mchoro wa Claude Monet wa bandari ya Le Havre wa mwaka 1872, Impression, soleil levant (yaani jua linalochomoza), uupitishe katika hatua hizo hizo, ukianza na milingoti na mabomba ya moshi yaliyofichwa na ukungu kabla hujaligusa lile jua jekundu.